Kutembelea muze ya sanaa ya siku hizi: Tate Modern ya London

Waseminari na mapadri wetu wanaopelekwa Ulaya kwa masomo hufika siku moja mbele ya mlango wa muze. Wengine hupita kando wakisema: «Hayo ni mambo ya Wazungu.» Wengine huingia, huzunguka saa nzima, hutoka na kichwa kinawauma, na jioni wakiulizwa mezani wameona nini, hujibu: «Tumeona matofali chini, na kitambaa chekundu ukutani.» Wengine tena, na hao ndio wanaotia mashaka zaidi, hurudi wakisifu kila kitu kwa maneno makubwa waliyosoma kitabuni, ijapokuwa macho yao hayakukaa juu ya kitu hata kimoja. Makala hii yataka kuwasaidia wote hao. Na pia katekista asiyetoka katika parokia yake, lakini anaulizwa na vijana juu ya picha wanazoziona katika simu zao.

Ili tusiseme hewani, tuchague nyumba moja inayojulikana: Tate Modern, katika mji wa London, Uingereza. Iko kandokando ya mto Thames, upande wa kusini. Na ng'ambo ya pili, uso kwa uso, linasimama kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo la Waanglikana. Msomaji wa Lubumbashi akiiona kwa mbali atafikiri amerudi kwao: ni jengo refu la matofali, lisilofanana na nyumba ya watu, na katikati limesimamisha bomba la moshi la meta 99. Kweli halikuwa kanisa wala jumba la mfalme. Lilikuwa santrali ya umeme. Lilijengwa kwa vipande viwili, tangu mwaka 1947 hata mwaka 1963, kadiri ya ramani ya Giles Gilbert Scott. Fundi huyo alikuwa Mkatoliki, naye ndiye aliyechora katedrali kubwa ya Waanglikana wa Liverpool, na hata vile vibanda vyekundu vya telefone vinavyojulikana dunia nzima. Bomba la santrali alilifanya fupi kwa makusudi, lisipite kuba la Mtakatifu Paulo kwa urefu.

Mafuta ya kuchoma yalipopanda bei, santrali haikuleta faida tena, ikafungwa mwaka 1981. Ilikaa karibu miaka 20 pasipo kazi. Nyuma yake wenye muze wakaichukua, na mafundi wawili wa Uswisi, Jacques Herzog na Pierre de Meuron, wakaigeuza bila kuivunja. Malkia Elizabeth II aliifungua mwezi wa Mei 2000, na mwaka wa kwanza peke yake waliingia zaidi ya watu milioni 5. Chumba kilichokuwa na mashini kubwa za umeme kimeachwa kitupu: urefu wake ni kama meta 155, na kwenda juu meta 35. Wanakiita Turbine Hall, maana yake chumba cha turbini. Mtu akishuka humo kwa mara ya kwanza hunyamaza kidogo, kama anayeingia katedrali. Tutarudi humo.

Na jina la Tate? Henry Tate alikuwa tajiri wa sukari. Alitoa picha zake na fedha, na nyumba ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1897 pahali pa Millbank, juu ya kiwanja cha gereza lililobomolewa. Yeye mwenyewe hakuwa na watumwa: alizaliwa mwaka 1819, na katika makoloni ya Uingereza watumwa walifunguliwa kabisa mwaka 1838, angali kijana. Lakini biashara ya sukari yenyewe ilijengwa juu ya migongo ya watumwa waliotolewa Afrika, na wenye muze wa leo hawalifichi neno hilo. Ni vizuri Mwafrika aingiaye humo alijue mapema. Si kwa kukasirika mlangoni, lakini ajue kwamba haingii kama maskini anayekaribishwa katika nyumba isiyomhusu.

Kuingia si kwa fedha. Mali ya muze yenyewe huonwa bure, na yapo masanduku kwa anayetaka kutoa sadaka. Maonyesho ya pekee tu, yale yanayokuja na kwenda, ndiyo hulipiwa. Mwanafunzi mwenye mfuko mwembamba asiogope.

Sanaa hii ilianzia wapi

Katika lugha ya muze, «sanaa mpya» ni kazi zilizofanywa karibu tangu mwanzo wa karne ya 20, na «sanaa ya sasa» ni ile ya watu wa wakati wetu, wengi wao wangali hai. Tate Modern inaweka zote mbili, za nchi zote, tangu mwaka 1900.

Kwa karne nyingi mchoraji wa Ulaya alikuwa na kazi wazi: aonyeshe uso wa mfalme, vita, ng'ombe, Bikira na Mtoto, hata mtazamaji aseme: «Ni yeye kabisa!» Mwaka 1839 ikatangazwa huko Paris namna ya kupiga picha kwa mashini. Siku hiyo swali likaanza kuwasumbua mafundi: ikiwa sanduku lenye kioo linaweza kuuchukua uso wa mtu kwa dakika chache, sisi twabaki na nini? Jibu halikuja siku moja, wala sababu haikuwa moja tu. Vikaja viwanda na miji mikubwa. Ikaja vita ya 1914-1918, iliyowaua vijana kwa mamilioni. Na wengi wakaona kwamba picha nzuri ya bustani yenye maua haisemi tena kweli juu ya dunia. Basi wakaanza kuuliza. Rangi peke yake inaweza kusema? Kitu kisichochongwa kinaweza kuitwa sanamu? Nani anaamua?

Asiyejua maswali hayo akiingia muze ni kama mtu anayefika barazani wazee wamekwisha kusikiliza shauri nusu nzima. Anasikia majibu tu, naye anasema: «Wanaropoka.»

Mfano ulio mgumu kuliko yote ni wa Marcel Duchamp, Mfaransa. Mwaka 1917, huko New York, chama cha mafundi kilitangaza kwamba kila anayelipa ada ataonyesha kazi yake, hakuna atakayekataliwa. Duchamp akanunua dukani chombo cha udongo mweupe cha kukojolea wanaume, akakilaza, akaandika juu yake jina la uongo, «R. Mutt», akakipeleka. Chama kikakataa kukionyesha. Ndilo alilotaka lionekane: mmesema hamna waamuzi, kumbe mnao. Chombo cha kwanza kilipotea. Kile cha Tate ni mfano uliofanywa mwaka 1964 kwa ruhusa yake mwenyewe. Kwa maoni yangu yatosha kukitazama kwa dakika moja. Ni mzaha wa mtu mwenye akili nyingi, na mzaha ukiisha kuelezwa hauchekeshi tena. Lakini wengi waliokuja nyuma yake wameishi kwa mzaha huo miaka mia moja.

Na matofali? Hayo nayo yapo katika mali ya Tate. Jina lake ni Equivalent VIII, ya Carl Andre wa Marekani: matofali 120 ya tanuru, yamepangwa sakafuni kwa matabaka mawili, 6 kwa 10. Hakuna sementi, hakuna rangi. Muze iliyanunua mwaka 1972. Mwaka 1976 magazeti ya Uingereza yakapata habari, yakapiga kelele: fedha ya watu imenunua matofali! Mtu mmoja akaja akayamwagia rangi ya buluu. Kwetu, mahali ambapo kila kijiji kimechoma matofali ya shule yake, kicheko kingekuwa kikubwa zaidi. Hata hivyo sikilizeni maana yake. Andre alikuwa amefanya kazi katika magari-moshi ya mizigo, akizoea reli zinazolala chini na kwenda mbali. Akauliza kwa nini sanamu sherti isimame kama mtu, isiweze kulala kama njia. Akafanya kazi nane, kila moja ya matofali 120, kila moja na umbo lake: moja ndefu, moja pana. Hesabu ni ileile, macho yaona vitu mbalimbali. Hayo tu. Mimi, niseme wazi, matofali hayo hayanigusi moyoni. Lakini anayesema «hata mimi ningeweza» ameshika neno la nje tu, kwa maana Andre hakusema kwamba kupanga ni kazi ngumu.

Sanamu ndogo ya pwani ya Kongo

Hapa twataka kukaa zaidi, maana jambo hili ni letu.

Mwaka 1906, katika mji wa Paris, mchoraji Henri Matisse alinunua katika duka la vitu vya mbali sanamu ndogo ya mti. Ilikuwa kazi ya Wavili, watu wa pwani ya Loango, karibu na mlango wa mto Kongo. Aliichukua, akamwonyesha Pablo Picasso, kijana Mhispania. Mwaka uliofuata Picasso akaingia katika muze ya Trocadéro, ambamo vinyago vya Afrika vilikuwa vimewekwa kama vitu vya kustaajabia tu, si kama sanaa. Alitoka mtu mwingine. Mwaka huohuo wa 1907 akamaliza ile picha yake ya wanawake watano iliyoko sasa New York, ambayo wengi wanaihesabu kuwa mlango wa sanaa mpya. Na nyuso mbili upande wa kuume ni kama vinyago vitupu. Katika mali ya Tate kuna kichwa cha jiwe kilichochongwa na Amedeo Modigliani wa Italia karibu na mwaka 1911: uso mrefu, pua nyembamba kama kisu, mdomo mdogo. Mkongo akikiona, hahitaji mwalimu. Anajua mara moja kwamba huyu Mwitalia amekaa mbele ya kazi za wazee wa Afrika.

Walijifunza nini kwao? Walijifunza kwamba mchongaji hana lazima ya kufuata jicho. Mchongaji wa Kiluba akifanya kichwa kikubwa na miguu mifupi, si kwamba hakujua kupima. Kichwa ndicho pahali pa heshima na akili, kwa hiyo kinapewa ukubwa wake. Macho yaliyofumbwa yanaona yasiyoonekana. Mistari ya kinyago cha kifwebe cha Wasonge haimo katika uso wa mtu yeyote duniani, lakini aliyekiona kikicheza hakusahau. Wazungu waliita hayo ujinga wa mikono kwa muda mrefu. Halafu wachoraji wao walio hodari wakaanza kuyafanya wenyewe, na yakaitwa maendeleo.

Tusifiche neno la pili. Wakati uleule ambao wachoraji wa Paris walikuwa wakijifunza mbele ya sanamu hizo, huku kwetu nyingine zilikuwa zikichomwa moto mbele ya wakatekumeni, na nyingine zikitiwa katika masanduku na kupelekwa Tervuren. Waliozichoma walikuwa na sababu: waliona humo nguvu ya waganga na hofu iliyowafunga watu, na hofu hiyo haikuwa ya kubuniwa. Lakini moto hauchagui. Pamoja na dawa ya kumdhuru jirani uliteketea mkongojo wa chifu, kiti cha mzee, na sanamu ya mama anayenyonyesha, ambavyo havikuwa na kosa lolote juu ya Amri ya kwanza. Wakatekista wengi walitumwa kukusanya vitu hivyo, wakatii. Leo katekista mwenye akili akikuta kitu kama hicho katika nyumba ya marehemu, asiseme upesi «shetani», wala asikiuze kwa mfanyabiashara anayepita. Amwite padri, padri awaulize wazee kilikuwa cha kazi gani, na ikiwezekana kikae.

Tena, mtazame ile karatasi ndogo ukutani, karibu na kila kazi. Jina la Modigliani limeandikwa, na miaka yake. Jina la yule aliyemfundisha halipo pahali popote, kwa kuwa aliyeinunua sanamu hakuuliza, wala aliyemwuzia. Kuna mchongaji mmoja wa mashariki ya Kongo, mwenye mkono unaotambulikana mara moja kwa nyuso zake ndefu zilizokonda, na wataalamu wamezoea kumwita «Mwalimu wa Buli», kwa jina la kijiji.

Si kwamba Kongo imebaki na wazee wasio na jina tu. Mwaka 1943 Bruda Marc-Stanislas, wa Mabruda wa Shule za Kikristu, alianzisha shule ya Mtakatifu Luka pahali pa Gombe-Matadi. Ikahamia Léopoldville mwaka 1949, nayo ndiyo iliyozaa Akademia ya sanaa ya Kinshasa. Mwaka 1946, katika Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ambamo Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela walichora ndege, samaki na wawindaji, kila mmoja kwa namna yake. Bela alipaka rangi kwa vidole. Na mwaka 2018 muze kubwa ya sanaa mpya ya New York ilionyesha miji ya karatasi na maboksi ya Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa Kimbembele Ihunga mwaka 1948 na kufa mwaka 2015. Hapo jina liliandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Mwanamke anayelia

Siku ya 26 Aprili 1937 ndege za Wajerumani na Waitalia zilitupa mabomu juu ya mji mdogo wa Guernica, nchini Hispania, siku ya soko. Picasso alifanya juu yake picha kubwa sana, iliyoko Madrid. Lakini kilio hakikumtoka. Aliendelea kuchora mwanamke anayelia, mara kwa mara, na ya mwisho ya mwezi wa Oktoba 1937 ni mali ya Tate. Si picha kubwa. Mwanamke amevaa kofia nyekundu yenye ua la buluu, kama aliyekuwa akienda matembezini habari ikamkuta njiani. Uso ni wa manjano na kijani. Katikati, kuzunguka mdomo, rangi zinakwisha, inabaki nyeupe na buluu kama barafu, na mistari iliyovunjika kama kioo: vidole, meno, leso anayoiuma.

«Uso wa mtu hauwi hivyo,» watu husema. Anayesema hivyo hajakaa usiku katika kilio. Sisi tuliokaa na akina mama wa Kivu na wa Ituri tunajua kwamba uso unavunjika kweli, vipande havikai pamoja, na rangi ya ngozi inageuka. Picha ya kupigwa kwa mashini ingetuonyesha mwanamke fulani mwenye machozi. Hii inatuonyesha machozi yanavyomfanya mtu. Sijui kama Picasso alifikiri juu ya Mama wa Mateso alipoichora, ingawa Hispania aliyozaliwa imejaa sanamu zake. Lakini padri anayetafuta maneno ya kuhubiri tarehe 15 Septemba hatapoteza muda wake akikaa hapo robo saa.

Chumba cha giza

Mark Rothko alizaliwa mwaka 1903 katika nchi ya Latvia ya leo, katika jamaa ya Wayahudi, akakulia Marekani. Mwaka 1958 alipewa kazi ya fedha nyingi: apambe hoteli ya chakula ya matajiri katika New York. Alichora picha kubwa za rangi ya damu iliyokauka na nyeusi, zenye umbo kama mlango au dirisha, lakini mlango haufunguki. Halafu akaenda kula pahali pale, akaona walaji, akarudisha fedha. Tisa kati ya picha hizo aliipa Tate. Zilifika London siku ya 25 Februari 1970, na siku hiyohiyo ikapokelewa habari kwamba amejiua.

Kwa miaka mingi zilikaa katika chumba kimoja cha mwanga mdogo, kama yeye alivyotaka. Siku hizi husafiri mara kwa mara, kwa hiyo anayezitaka aulize kwanza. Ukizikuta, keti. Dakika mbili za kwanza utaona kitambaa chekundu, kama yule mseminari wetu. Kisha macho yakizoea, kingo zinaanza kutembea, nyeusi inarudi nyuma, na unajikuta uko peke yako na kitu kisicho na jina. Wengine hulia humo. Wengine husikia kukosa hewa. Rothko hakuwa mtu wa Eklezya, lakini picha zake nyingine alizifanya kwa ajili ya kapela moja ya Houston, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa watu wa dini zote; waliomlipa walikuwa wakatoliki, mke na mume wa jamaa ya de Menil, waliofunguliwa macho juu ya sanaa mpya na Padri Couturier, Mdominiko. Mimi nimeona zaburi ya 88 ikieleza chumba hicho vizuri kuliko vitabu vya wataalamu: ni zaburi inayokwisha katika giza, wala haijibiwi.

Mwaka 2012 mtu mmoja alipita akaandika kwa wino mweusi pembeni ya moja ya picha hizo. Kuisafisha kulichukua miezi 18. Ndiyo sababu walinzi hukuambia usimame mbali na uushike mfuko wako mbele. Tuwatii.

Ufa sakafuni

Turudi sasa katika chumba cha turbini. Humo kwa desturi hupewa fundi mmoja pahali pote, kwa miezi michache, afanye anachotaka. Mwaka 2003 Olafur Eliasson alitundika jua la taa, akaweka vioo juu yote. Watu wa London, wenye njaa ya jua, walilala sakafuni kulitazama. Mwaka 2010 Ai Weiwei wa China alimwaga mbegu milioni 100 za alizeti, kila moja ya kauri, iliyopakwa rangi kwa mkono. Siku za kwanza watu walitembea juu yake, kisha wakakatazwa kwa sababu vumbi lake lingedhuru mapafu. Mwaka 2023 El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha Nsukka katika Nigeria miaka mingi, alitundika matanga makubwa yaliyoshonwa kwa maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe, akikumbusha pombe iliyopelekwa Afrika na watu waliotolewa humo. Kwa mbali dhahabu. Kwa karibu vizibo.

Lakini ile ambayo mwanafunzi wa Maandiko hatakiwi kuisahau ni ya mwaka 2007, ya Doris Salcedo, mwanamke wa Colombia. Hakuleta kitu. Alipasua sakafu. Ufa ulianzia mlangoni, mwembamba kama unywele, ukaenda ukipanuka na kugeukageuka hata mwisho wa chumba, meta 167. Jina lake ni Shibboleth. Fungueni kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi wamewashinda Waefraimu, wameshika vivuko vya Yordani. Anayetaka kuvuka anaambiwa: sema «Shibboleth». Mwefraimu hawezi, ulimi wake unasema «Sibboleth». Basi anashikwa na kuuawa pale pale, watu 42.000 walikufa kwa herufi moja. Salcedo alikuwa akisema juu ya wageni Ulaya, wanaopita mlangoni bila kupokewa, na juu ya chuki ya rangi iliyo chini ya nyumba nzuri. Wasomaji wa nchi yetu, ambako matamshi ya mtu kwenye kizuizi cha barabara yameamua zaidi ya mara moja kama atapita au hatapita, hawana haja ya mwalimu.

Mwaka 2008 ufa ulizibwa kwa sementi. Alama yake ingalipo. Watu wanaikanyaga wakienda kunywa kahawa. Nilipofundisha sura ile ya Waamuzi niliwaeleza wanafunzi sakafu hiyo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka kwa ajili ya neno lile la ajabu.

Namna ya kutembea humo

Usitake kuona vyote. Macho yana tumbo, hushiba. Chagua kazi sita au saba, saa mbili zatosha. Mbele ya kila moja tazama kwanza pasipo kusoma, ujiulize: naona nini? si: maana yake nini? Halafu soma ile karatasi ndogo: jina, miaka, kitu ilichofanyizwa nacho, na mstari wa mwisho unaosema ni nani aliyeitoa au mwaka gani ilinunuliwa. Mstari huo wa mwisho husomwa na wachache, nao hufundisha mengi. Kisha tazama tena. Kazi zinabadilishwa kila mara, kwa hiyo usikasirike ukikosa uliyoitafuta. Iliyo katika mali ya muze si lazima iwe ukutani leo. Kama huelewi, sema huelewi. Kama kitu kinakuchafua moyo, pita. Hakuna anayekulazimisha, na muze si chuo cha kujaribu nguvu. Ukiweza, nenda na mwenzako mmoja, si kumi.

Mwingine atauliza kama hayo yote yampasa mseminari. Mtaguso wa pili wa Vatikano umekwisha kujibu. Katika Katiba juu ya Liturjia Takatifu ya mwaka 1963, sehemu ya 129, unaagiza kwamba wanaojiandaa kwa upadri wafundishwe historia ya sanaa takatifu na maendeleo yake wakati wa filosofia na teolojia; na sehemu ya 123 yasema Eklezya haikuufanya mtindo wowote kuwa wake peke yake, na sanaa ya wakati wetu, ya watu wote na nchi zote, ipewe nafasi, ikilitumikia jengo takatifu kwa heshima. Hayo hayamaanishi kwamba matofali ya Andre yatawekwa mbele ya altare. Muze ni pahali pa kuuliza, kanisa ni pahali pa kusali, na sehemu ya 124 inawaonya maaskofu waondoe yanayochukiza imani. Lakini padri ambaye hajazoeza macho yake, siku anapotakiwa kununua Njia ya Msalaba kwa parokia mpya, atanunua ile ya plasta iliyo katika karatasi ya bei ya mfanyabiashara, huku mchongaji wa kijiji anakosa kazi.

Ukitoka Tate Modern, mbele yako kuna daraja la kupita kwa miguu. Lilifunguliwa mwezi wa Juni 2000, likayumba chini ya miguu ya watu, likafungwa siku mbili baadaye. Mafundi walilitengeneza hata mwaka 2002. Livuke, linakupeleka moja kwa moja kwa Mtakatifu Paulo. Mtalii hulipa kuingia. Anayekuja kusali halipi. Ndani, tangu mwaka 2014, kuna kazi ya Bill Viola, Mmarekani aliyefariki mwaka 2024: mashahidi wanne katika vioo vinne vya televisioni vilivyosimamishwa pamoja, mmoja katika udongo, mmoja katika upepo, mmoja katika moto, mmoja katika maji. Hakuna sauti. Yanakwisha kwa dakika kama saba. Ni mali ya Tate, iliyoazimwa kwa kanisa.